Kiunganishi Kilichotoweka: Mtaalamu wa Kiswahili Anapojifunza Lugha ya Kompyuta



Waandalizi wa mhadhara huu waliponialika walitarajia, bila shaka, kwamba ningezungumzia mofolojia ya kitenzi, somo ambalo nimelifundisha kwa muda mrefu kiasi cha kuwachosha baadhi yenu mliomo ukumbini humu. Niliomba ruhusa ya kuzungumzia jambo jingine, nalo ni kosa. Ni kosa langu, ingawa sikulitenda peke yangu, na sikulitambua mpaka nilipoketi, nikiwa na umri wa miaka 58, kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo R.

Tasnifu

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia tasnifu ya uzamili iliyohusu lugha ya magazeti. Mwanafunzi wangu, mtu makini na mwenye bidii, alikusanya vichwa vya habari na habari zenyewe, kisha akalinganisha msamiati wa pande hizo mbili. Vichwa vya habari vilikuwa vimeandikwa kwa herufi kubwa, naye akavinakili vivyo hivyo. Hesabu hazikufanywa na yeye wala na mimi. Zilifanywa na kijana mmoja mjuzi wa kompyuta aliyelipwa kwa kazi hiyo, kama ilivyo desturi yetu hadi leo, naye alituletea majedwali safi yaliyopangwa vizuri.

Katika majedwali hayo mlikuwa na jambo la kushangaza. Neno "na", ambalo katika habari zenyewe lilikuwa miongoni mwa maneno yaliyotumika zaidi, halikuwamo kabisa katika vichwa vya habari. Si kwamba lilikuwa chache. Halikuwamo hata mara moja. Mwanafunzi alitafuta sababu, na aliye makini hakosi kuipata. Alieleza kwamba mwandishi wa kichwa cha habari hubanwa na nafasi, kwamba hutumia koma badala ya kiunganishi, na kwamba msomaji huyajaza mapengo kwa ujuzi wake wa lugha. Aliyaandika hayo katika kurasa kumi na mbili zenye nadharia na mifano. Jopo la watahini lilivutiwa, na mmoja wetu aliuita ugunduzi. Mimi nikatia saini.

Nawauliza, mabibi na mabwana, ni nani kati yetu ambaye hajapata kuona kichwa cha habari chenye neno hilo? Kibanda cha magazeti kilichopo nje ya lango la chuo kingetosha kutusuta sote. Tulipita hapo asubuhi ile tukienda kwenye mtihani wa utetezi, yamkini tukasoma vichwa vya habari viwili vitatu, kisha tukaingia chumbani na kuliamini jedwali.

Kujifunza

Sikujifunza R kwa sababu nililishuku jedwali lile. Laiti ningeweza kudai hivyo. Nilijifunza kwa sababu nilikuwa na masanduku ya kadi. Wanaleksikografia wa kizazi changu walifanya kazi kwa kadi, neno moja kadi moja, na zangu zilihusu vitenzi vyenye viambishi tamati vya unyambulishaji. Kwa kuwa siku za kustaafu zilikuwa zikinikaribia, nilitaka kujua nilichokusanya kabla mchwa hawajakijua. Nilimwendea kijana mmoja wa idara ya takwimu. Baada ya kuniamkia na kunisikiliza aliniambia, "Profesa, usijisumbue. Nitumie faili, mimi nitakuhesabia." Nilimshukuru nikakataa, si kwa busara ya kuona mbali bali kwa ubishi wa uzeeni. Basi akaniwekea programu katika kompyuta yangu, akanionyesha mahali pa kuandikia, akaniacha na mstari mtupu unaopepesa.

Yafaa niseme machache kuhusu asili ya lugha hii, maana nayo ina nasaba. Mwaka 1976 John Chambers na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, walianza kuunda lugha ya kuchambulia data waliyoiita S. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walitengeneza lugha yao kwa kuifuata ile, wakaiita R, herufi ya kwanza ya majina yao wote wawili. Mwaka 1995 waliitoa chini ya leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuifungua na kuibadilisha bila malipo, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Kwa chuo chenye bajeti kama ya vyuo vyetu, hilo la bila malipo si jambo dogo.

Watu wengi huniambia kwamba lugha za kompyuta ni Kiingereza kitupu, na kwamba asiyekimudu hazimfai. Nadhani wanalikuza jambo. Maneno ambayo R imejitengea, ambayo mtumiaji haruhusiwi kuyapa maana nyingine, ni takriban ishirini tu. Majina ya amri ni mengi zaidi, nayo kweli yametokana na Kiingereza, lakini hujifunzwa kama alama, vile vile tunavyojifunza alama za muziki. Mengine yote ni juu ya mwandishi. Orodha yangu ya maneno niliiita "maneno", hesabu yake nikaiita "idadi", na kompyuta haikulalamika. Nilipendezwa pia na mshale mdogo unaotumika kukiweka kitu ndani ya jina. Nilifundishwa shuleni kwamba alama ya usawa husema ukweli, na lugha zinazoitumia kwa kutoa amri hunitia kichefuchefu kidogo. Mshale hauna unafiki huo.

Hata hivyo, mlinganisho kati ya lugha hii na lugha tunazozijua hauna budi kuwekewa mpaka, na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Mgeni akifika Kariakoo akasema "mimi nataka maji moja", hakuna atakayemwacha na kiu. Muuzaji husikia kilichokusudiwa, si kilichosemwa, na ngeli iliyovunjika huungwa na msikilizaji. Kompyuta haina hisani hiyo. Ukikosea kanuni zake hukukatalia, tena kwa maneno makavu, na wanafunzi wengi hukata tamaa kwa sababu hiyo. Mimi nimekuja kuona kwamba kukataliwa ni neema. Kosa linalopiga kelele huonekana likarekebishwa siku hiyo hiyo. Linaloumiza ni lile la kusema jambo ambalo hukulikusudia lakini ni sahihi kwa kanuni za lugha, kwani hapo kompyuta hutii bila kusema neno.

Ng'ombe na ritifaa

Nilionja utii huo kwa mara ya kwanza kwa sababu ya ng'ombe. Nilikuwa nimechapa kadi zangu za kwanza katika faili lenye safu mbili zilizotenganishwa kwa tabo, neno upande mmoja na idadi upande wa pili. Nililisoma faili hilo kwa amri iitwayo read.table, nikaona kwamba mistari niliyoipata ilikuwa pungufu ya ile niliyoichapa. Hapakuwa na onyo lolote. Niliyahesabu maneno kwa kidole, kama nilivyofundishwa na marehemu babu kuhesabu mikorosho, na nikafika penye pengo: baada ya "ng" palikuwa na kisanduku kimoja kilichobeba maneno mengi yaliyoshikamana.

Sababu yake ni hii. Amri ile, isipoambiwa vinginevyo, huichukulia ritifaa kuwa alama ya mtajo. Ilipokutana na ritifaa ya ng'ombe ilidhani kwamba maneno ya mtu yanafunguliwa, ikameza kila kilichofuata, tabo na mistari kwa pamoja, hadi ilipokutana na ritifaa nyingine katika neno "ng'oa", ambayo ilidhani inafunga. Kama ritifaa zangu zingekuwa witiri, faili lingefika mwisho huku mtajo ukiwa wazi, nami ningeonywa. Kwa bahati mbaya zilikuwa shufwa. Nilipojaribu kwa njia nyingine, kwa kuikata matini katika maneno kila palipo na alama isiyo herufi, nilipata maneno mawili mapya ya Kiswahili, "ng" na "ombe".

Haki lazima itendeke: Waingereza nao wanayo ritifaa, na wao pia humezwa. Lakini ritifaa yao mara nyingi huonyesha herufi iliyodondoshwa, ilhali yetu ni sehemu ya sauti. Inatofautisha kipasuo na nazali, na ukiiondoa hukufupisha neno bali umetaja jingine. Jambo hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili analijua. Kijana wa kompyuta tunayemlipa hana sababu ya kulifikiria.

Jaribio la maneno kumi

Baada ya mkasa huo nilijiwekea kanuni ya kuijaribu kila amri kwa matini fupi ninayoweza kuihesabu mwenyewe. Jioni moja nilitunga vichwa vitatu vya habari: VIJANA NA AJIRA, MAJI NA AFYA, BEI YA MAHINDI YAPANDA. Ni maneno kumi. Niliyaandika katika faili, kila neno mstari wake, nikalisoma. Nilipoiuliza R urefu wa orodha, ilijibu 10. Nilipoiambia initengenezee jedwali la maneno na idadi zake, nilipata maneno manane, kila moja mara moja. VIJANA walikuwamo, AJIRA ilikuwamo, hata YA ilikuwamo. NA haikuwamo.

Sitawaficha kwamba nilikaa muda mrefu nikikitazama kiwambo kile, na sikuwa nikiwazia vichwa vyangu vitatu.

Maelezo yake ni mepesi, na si ya aibu kwa walioibuni lugha hiyo. Mtakwimu anahitaji alama ya kusema kwamba kipimo hakipo. Mtu anayepima mvua akiandika sifuri, amesema mvua haikunyesha; asipokwenda kuisoma chupa siku hiyo, hajui kama ilinyesha au haikunyesha, na mambo hayo mawili hayafai kuchanganywa. Katika R alama ya pengo hilo ni herufi mbili kubwa, N na A, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "haipatikani". Ukiitaka R itafute wastani wa orodha yenye pengo, itakujibu kwamba wastani nao haupatikani, mpaka uiamuru kwa makusudi kuyaacha mapengo. Huo ni uadilifu ambao nimeukosa katika ripoti nyingi zilizoandikwa na wanadamu. Lakini jedwali la idadi halina ukali huo: lenyewe, lisipoagizwa, huyaacha mapengo nje bila kuyataja. Na amri za kusomea faili, zikikutana na neno lililoandikwa NA, hulihesabu kuwa pengo.

Kwa hiyo kiunganishi kikuu cha lugha yetu, kikiandikwa kwa herufi kubwa, katika lugha ya R maana yake ni kwamba hakuna kitu. Kikiandikwa kwa herufi ndogo kinasalimika, na ndiyo maana kilionekana katika habari lakini si katika vichwa vyake. Kuvigeuza vichwa hivyo kuwa herufi ndogo baada ya kuvisoma hakusaidii, kwa sababu neno limekwisha kuondoka na pengo halina herufi ya kugeuza.

Vijana wanaopenda Python, lugha ya Guido van Rossum iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, wasitabasamu mapema. Maktaba ya pandas, ambayo wengi wao huitumia kusomea majedwali, nayo huzichukulia herufi hizo mbili kuwa pengo isipozuiliwa. Wanaotumia misimbo ya nchi yenye herufi mbili wanalijua tatizo hili kwa njia nyingine, kwani msimbo wa Namibia ni NA, na nchi nzima huweza kutoweka katika jedwali la Afrika pasipo mtu kuiona ikitoka.

Tiba yake ni maneno machache: kuiambia amri ya kusoma kwamba katika matini hii hakuna herufi zozote zinazosimamia pengo, na kwamba ritifaa si mtajo. Aliyeijua sababu hahitaji hata dakika moja, na asiyeijua anaweza kuandika kurasa kumi na mbili.

Nilimpigia simu yule aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye sasa naye anafundisha. Alikuja na faili lake la zamani katika kidude cha kuhifadhia data, tukaketi ofisini kwangu. Tulilisoma jinsi lilivyosomwa mara ya kwanza, na jedwali likarudi vile vile. Kisha tukalisoma upya. Kiunganishi kilijitokeza katika nafasi za juu za orodha, kana kwamba hakikuondoka kamwe.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, basi sura yangu ya nne haipo."

Nikamwambia, "Ni sura yetu, mwanangu. Saini ni yangu."

Sisemi kwamba dhana yake ya mkato haina maana. Huenda waandishi wa vichwa vya habari hukibana kiunganishi hicho kuliko wanavyofanya katika habari yenyewe. Hilo sasa linaweza kuulizwa, na kujibiwa kwa kadiri, si kwa kutokuwepo.

Neno ni nini?

Mtaniambia kwamba huo ni mkasa mmoja, na kwamba ukishaonywa umeonyeka. Naam, lakini chini yake pana jambo ambalo halitatuliwi kwa kubadili amri moja. Programu nyingi za kuhesabia maneno huanza kwa kudhani kwamba neno ni kile kilichopo kati ya nafasi mbili tupu. Kwa lugha yetu dhana hiyo inazaa watoto wengi wasio na ukoo. "Anasoma", "tulisoma", "hatukusoma", "asiposoma" na "wanaosomeshwa" huhesabiwa kuwa maneno matano yasiyojuana. Mtu akipima utajiri wa msamiati kwa kugawa idadi ya maneno tofauti kwa idadi ya maneno yote, kisha akalinganisha na Kiingereza, atapata kwamba Kiswahili ni tajiri kupindukia, na anaweza kushangiliwa katika kongamano. Atakuwa amepima viambishi vyetu, si msamiati.

Nilijaribu kulitatua hilo mwenyewe, kwa kiburi cha mtu aliyefundisha mofolojia maisha yake yote. Niliandika kanuni ya kuondoa kiambishi cha nafsi kikifuatwa na kiambishi cha wakati: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, na baada yake -na-, -li-, -ta- au -me-. Ilifanya kazi vizuri kwa "anasoma" na "tulisoma". Kisha ikafika kwa "walimu", ikawavua wa- na -li-, ikaniachia mzizi "mu". Kutoka kwa "walinzi" nilipata "nzi". "Utamaduni" ukawa kitenzi cha wakati ujao, "unafiki" ukawa wa wakati uliopo, na "alizeti" ikawa jambo ambalo mtu mmoja alilifanya zamani. Kwa jioni moja nilikuwa nimekiongezea Kiswahili vitenzi ambavyo hakuna bibi yeyote wa Pemba wala wa Lamu aliyepata kuvisikia.

Si kwamba kazi hiyo haiwezekani. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aliianza katika miaka ya 1980, akaunda mfumo wa kuchanganua Kiswahili uliokuja kujulikana kwa jina la SALAMA. Aliujenga juu ya kamusi na kanuni za sarufi, yaani juu ya elimu ile ile tunayoifundisha humu. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo katika toleo lake la pili ina maneno takriban milioni 25, imechanganuliwa kwa njia hiyo. Namheshimu sana kwa kazi hiyo. Nakiri pia kwamba kila ninapoitumia hujiuliza kwa nini mtu anayetaka kuhesabu vitenzi vya Kiswahili alazimike kupitia Ufini, na jibu halipendezi: sisi tuliokijua Kiswahili tuliona hesabu kuwa kazi ya watu wengine.

Tufanye nini?

Pendekezo langu la kwanza ni la kiutawala, na linaweza kutekelezwa muhula ujao bila shilingi moja. Kila tasnifu yenye jedwali la idadi iambatishwe amri zote zilizolizaa jedwali hilo, zikiwa zimechapishwa mwishoni kama tunavyochapisha hojaji. Amri zetu za siku ile zingeenea katika ukurasa mmoja. Mtahini mwenye ujuzi mdogo tu angeuona mstari wa kusomea faili na kuuliza kama kuna neno lililoweza kudhaniwa kuwa pengo.

La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi wenye mvi. Idara ya Kiswahili ifundishe somo hili yenyewe, kwa Kiswahili, kwa matini za Kiswahili, badala ya kuwapeleka wanafunzi wake kuhesabu maua na magari katika kozi za jumla. Istilahi zipo za kutosha kuanzia: faili, safu, mstari, jedwali, amri, pengo. Zitakazopungua tutazibuni tukiwa kazini, kama walivyofanya wahenga wetu waliozipa majina sehemu za jahazi wakiwa baharini, wala hawakusubiri kamati. Mwalimu wa somo hilo si lazima awe bingwa. Mimi si bingwa. Hadi leo naandika mabano ya kufunga nikisahau ya kufungua. Inatosha awe mtu ambaye, akioneshwa orodha ya maneno ya Kiswahili isiyo na "na", atakataa kuendelea na kazi.

Kuhusu tasnifu yenyewe, tuliwaandikia wanaohusika, na baada ya barua kadhaa tukaruhusiwa kuweka masahihisho. Nakala iliyomo maktabani sasa ina karatasi moja ya ziada, imebandikwa kabla ya sura ya nne. Inaonyesha jedwali la kwanza na jedwali la pili, yakiwa yamewekwa sambamba, na chini yake mstari mmoja wa amri uliosababisha tofauti. Imetiwa saini na watu wawili. Anayetaka kuiona amwombe mkutubi wa ghorofa ya pili, ambaye alinitaka niwaarifu kwamba kitabu hicho hakiazimwi nje.